Kifafa iko ugonjwa wa ubongo, si ulozi



Tumezoea kupaza sauti juu ya maji, umeme na barabara. Leo tunasema juu ya ugonjwa ambao familia mingi zinaficha mu chumba cha nyuma: kifafa. Mutu akianguka mu soko, wengine wanakimbia. Mumoja anapiga kelele: «Musimuguse, povu yake itawaambukiza!» Mwingine anakata kesi: «Balimuloga.» Mugonjwa anabaki peke yake mu vumbi.

Tuseme wazi: kifafa haiambukize. Umeme wa ubongo unapita kipimo kwa muda kidogo, na mwili unakosa muongozi. Sababu zake tunaishi nazo: mutoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ku kichwa, meninjiti, ajali ya kichwa, minyoo ya nguruwe. Mara ingine sababu haionekane. Mu dunia, watu karibu milioni 50 wako nayo.

Tena, si kila kifafa inaangusha. Kuna mutoto anayenyamaza gafula katikati ya neno, macho inakaza sekunde kidogo, kisha anaendelea. Mwalimu anamuita muvivu. Inaweza kuwa kifafa.

Mutu akianguka mbele yako: ondoa mbabula, mawe na kila kitu cha kumuumiza. Weka nguo chini ya kichwa. Usimushike kwa nguvu. Usiingize kijiko wala kidole mu kinywa, na usimupe maji. Angalia saa. Mutikisiko ukiisha, mulaze ku upande apumue muzuri. Ukipita dakika 5, ao ukirudi mbele hajaamka, mukimbize ku hospitali.

Muganga anaitambua namna gani? Kwanza anasikiliza yule aliyeona: ilianza namna gani, ilidumu dakika ngapi, alijikojolea, aliuma ulimi? Video fupi ya telefone inasaidia, lakini ni ya docta, si ya WhatsApp. Kuanguka mara mbili bila homa wala sababu ingine ya karibu, na zaidi ya saa 24 kati yake, ile njo alama kubwa. Mashini ya kupima umeme wa ubongo inasaidia, lakini kuikosa kusicheleweshe matibabu.

Dawa iko. Fenobarbitali inatumika tangu 1912, na bei yake iko chini. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa 70 ku 100 wangeishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yenye kufaa. Lakini mu inchi maskini, watatu ku wanne hawayapate. Na mwenye kumeza dawa asiache gafula juu anajisikia muzuri, ao juu mutu alimuambia amepona mu maombi. Kuacha gafula kunaweza kuleta mishituko ya kufuatana, na ile inaua. Muombe, lakini mumeze dawa.

Lubumbashi kuna Kituo Joseph Guislain, lakini mama wa Panda asilazimishwe kufanya kilometa 120 kila mwezi kwa vidonge vya bei ndogo. Njo maana tunadai:

– dawa ya kifafa ipatikane kila mwezi mu komini zote ine: Likasi, Kikula, Panda na Shituru;
– wauguzi wa vituo vya afya wafundishwe kuitambua na kuitunza;
– hakuna mutoto afukuzwe ku masomo juu ya kuanguka.

Sisi wenye diploma bila kazi, wakati tuko nao. Hii wiki, kila mumoja aende ku kituo cha afya cha kartiye yake, aulize kwa heshima maulizo mbili: fenobarbitali iko? Bei ngapi? Aandike jibu, alilete ku mukutano. Tutapeleka ile karatasi ku meri, tukiwa wengi na kwa amani.

Muji unaotoa shaba ya dunia yote ukose kidonge cha mutoto wake? Tunakataa.