Mafuta ya Mahindi: Tuanzie Mashineni

Jamani, hapa Illinois kila tukikaa wenzangu wana habari ile ile: kuna bakteria wa kupaka kwenye mbegu, wanavuta naitrojeni toka hewani, tukiwapeleka nyumbani mahindi yatatoa mafuta tele na mbolea tutaisahau. Mimi sikubali.

Bakteria wa maharage wanajengewa vinundu kwenye mizizi na kulishwa na mmea. Mahindi hayana vinundu hivyo. Azospirillum hukaa kwenye mizizi, inasaidia kiasi, lakini shamba lililochoka bado litadai yuria. Halafu kazi kubwa ya naitrojeni ni kuongeza mavuno na protini. Asilimia ya mafuta inatokana zaidi na mbegu; ndiyo maana hapa walianza kuchagua mbegu zenye mafuta tangu mwaka 1896! Punje ya kawaida ina asilimia 4 hadi 5 tu. Ekari ikitoka tani 2 ikafika 3, mafuta yanatoka kilo 80 hivi hadi 120, basi.

Na hizo kilo ziko wapi? Zaidi ya robo tatu zimo kwenye kiini. Sisi tunaopenda sembe tunakoboa, kiini kinaondoka na pumba, wanafaidi kuku. Mama yangu anauza pumba, kisha anakwenda dukani kununua mafuta ya kupimiwa.

Mimi mtu wa mitambo. Nipeni mashine ndogo inayotenga kiini kabla hakijachanganyika na pumba, na ya kukamua iwe jirani, maana kiini kikilala sana mafuta yanaharibika. Bakteria tutawazungumza mashine ikishawaka.