Bibi anakwenda Amsterdam: panga saa ya mwisho ya safari kwanza

Familia ikipata safari ya Ulaya, akili zote huenda kwenye kuondoka: viza, tiketi, kilo za mzigo, zawadi, na nani atamsindikiza msafiri uwanjani. Kufika hakuna anayekupanga. Tunaambiana tu, "Akishashuka atapokelewa." Lakini kati ya mlango wa ndege na yule anayekuja kumpokea kuna mwendo mrefu, foleni, maswali na mizigo. Msafiri anayapitia hayo yote akiwa amekesha usiku kucha, miguu imevimba na dawa ya asubuhi hajameza.

Maswali mengi ninayopokea kuhusu safari hizi yanawahusu kina mama wa miaka sitini na kitu. Binti amejifungua ughaibuni, na mama anakwenda kumsaidia kulea. Anasafiri peke yake, mara nyingi kwa mara ya kwanza, na kwenye mkoba ana vidonge vya presha au sindano za kisukari. Wengine ni kina mama vijana wanaokwenda na watoto wadogo kwa baba yao. Makala ya leo ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya watoto wao wanaowakatia tiketi.

Nachukua mfano wa Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, Uholanzi, kwa sababu kuna ndege za moja kwa moja kati ya Amsterdam na Dar es Salaam. Kanuni ya kushika ni moja: panga saa ile ya mwisho kwa kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote katika safari. Kama bibi ataiweza, kila mtu ataiweza.

Kabla ya kutoka nyumbani

Safari ni ya zaidi ya saa tisa, kwa kawaida usiku. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake halisi, pamoja na barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza. Insulini usiiweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Sanduku linaweza kuchelewa, na huko chini baridi inaweza kuiharibu. Dawa za maji anazohitaji mgonjwa, na maziwa ya mtoto mchanga, zinaruhusiwa kupita ukaguzi hata zikizidi mililita 100, ila zitaje mapema kwa mkaguzi. Kwa dawa kali za maumivu na za usingizi, ulizeni ubalozi mapema, kwa kuwa baadhi zinahitaji hati maalumu.

Saa za dawa zisiwatishe. Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Kwa vidonge vingi tofauti hiyo ni ndogo. Anayetumia insulini amwombe daktari wake ampangie saa za siku ya safari na ziandikwe kwenye karatasi.

Sasa tuzungumzie kiti cha magurudumu. Wazee wetu wengi hukikataa: "Mimi siumwi, kwani nimelemaa?" Waelezeni kwamba kiti hiki si cha wagonjwa peke yao. Ni huduma ya bure kwa yeyote asiyeweza mwendo mrefu au kusimama muda mrefu, na huombwa kupitia shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari. Anayekisukuma anaijua njia, anamfikisha msafiri kwenye dirisha la uhamiaji, anamsaidia kupata mzigo na kumtoa nje hadi kwa mwenyeji wake. Kwa mama asiyejua Kiingereza, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kukiomba. Magoti yakiwa mazima, heri.

Ndege ikitua

Usishangae ndege ikigusa ardhi halafu ikaendelea kutembea. Schiphol ina njia kadhaa za kutulia, na moja yake, iitwayo Polderbaan, iko mbali na jengo la abiria. Mkitua huko, ndege inaweza kutambaa ardhini robo saa au zaidi. Kama mna watoto, hapa pana hadithi ya kuwatuliza: uwanja huu umejengwa mahali palipokuwa ziwa. Waholanzi walilikausha kwa pampu za mvuke, kazi ikamalizika mwaka 1852, na hadi leo uwanja uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari.

Mtoto mchanga mnyonyeshe au mpe chupa wakati ndege inashuka. Kumeza kunafungua masikio, na ndiyo dawa ya kile kilio kinachowachanganya wazazi.

Mkishatoka ndani ya ndege, fanyeni mambo matatu kabla ya kuanza safari ya korido: nendeni chooni, kunyweni maji, valeni koti. Choo kinakuja kwanza kwa sababu foleni ya pasipoti inaweza kuwa ndefu, na wenye presha wengi hutumia vidonge vinavyoongeza mkojo. Kuna wazee wanaoacha kumeza vidonge hivyo siku ya safari ili wasisumbuke. Asiache bila kumuuliza daktari. Muulizeni kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa. Maji ya bomba Uholanzi ni salama kunywa, hivyo chupa tupu iliyomo kwenye begi ijazwe bure. Na mwenye kisukari awe na kitu cha kula mkononi: biskuti, ndizi, juisi ndogo. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa akiwa kwenye foleni, apewe kitu cha sukari papo hapo. Asisubiri hadi zamu yake ifike.

Fuata mabao ya njano

Schiphol ni jengo moja kubwa lenye mikono mingi inayoitwa kwa herufi. Kutoka mkono mmoja hadi uhamiaji mnaweza kutembea dakika kumi na tano au zaidi, nyingine juu ya sakafu inayojiendesha. Simameni upande wa kulia, mkamateni mtoto mkono, na mwisho wa sakafu inueni mguu.

Mama asiyesoma Kiingereza asiogope. Mabao ya njano yana picha: sanduku maana yake mizigo, treni maana yake stesheni. Mwambieni afuate picha ya sanduku, kwa sababu kuelekea kwenye sanduku lazima apitie uhamiaji. Mwonyesheni picha hizo nyumbani kwenye simu kabla hajasafiri.

Uhamiaji ataulizwa kwa nini amekuja, atakaa siku ngapi, atafikia wapi, na tiketi ya kurudi iko wapi. Atapigwa picha ya uso na kuweka vidole kwenye mashine, jambo la kawaida tangu Ulaya ianze mfumo mpya wa kuandikisha wasafiri Oktoba 2025. Majibu yawe ya kweli na mafupi: "Nimekuja kumwona binti yangu, amejifungua. Nitakaa wiki sita. Tiketi ya kurudi hii hapa." Barua ya mwaliko, bima ya safari na tiketi ya kurudi ziwe kwenye bahasha moja mkononi, zimechapishwa. Simu inaweza kuzima chaji. Binti naye asiizime simu yake asubuhi hiyo, maana anaweza kupigiwa athibitishe.

Mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake asome hapa mara mbili. Maofisa wa mpaka wa Uholanzi huangalia sana suala la watoto kuvushwa bila ridhaa. Mara nyingi kwetu mtoto hutumia jina la baba na mama hutumia la baba yake, hivyo pasipoti zao hazifanani hata kidogo. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, barua ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi mwingine, nakala ya pasipoti yake na namba yake ya simu. Kama mtoto anasafiri na bibi, ridhaa iwe ya wazazi wote wawili. Bila karatasi hizo mnaweza kuketishwa pembeni kwa muda mrefu, mtoto akiwa na njaa.

Mzigo wa zawadi

Najua hakuna bibi anayekwenda kwa mjukuu mikono mitupu. Lakini nyama na bidhaa za maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kuingizwa na msafiri. Hiyo ni pamoja na nyama iliyokaushwa, samli na maziwa mgando. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana ruhusa yake yenye masharti. Maembe na maparachichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Matunda matano tu ndiyo yasiyohitaji cheti: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Basi mbebeeni nazi, na vitenge na khanga havina shida. Ni afadhali zawadi ipungue nyumbani kuliko mama kufunguliwa sanduku forodhani na kutozwa faini katika lugha asiyoielewa.

Kutoka uwanjani hadi mjini

Ukipita forodha unatokea kwenye kumbi za kuwasili, ambazo zina namba. Kubalianeni mapema: asipomwona mwenyeji, asimame hapohapo karibu na mlango aliotokea, asizunguke. Uwanja una intaneti ya bure, hivyo simu ikishaunganishwa WhatsApp itafanya kazi. Mtu akimfuata ndani ya ukumbi na kumnong'oneza "teksi, teksi", asimwitikie wala asimpe sanduku. Teksi halali hupanga foleni nje ya jengo. Zina faida kwa mwenye mtoto mchanga na masanduku matatu, ila gharama yake hufika makumi ya euro.

Treni ni nafuu mno, euro chache tu, na stesheni iko chini ya jengo lenyewe. Hutoki nje hata kidogo. Unashuka kwa lifti hadi jukwaani. Msishuke na gari la mtoto au sanduku zito kwenye ngazi za umeme. Mchana treni za kwenda katikati ya mji hupita mara kwa mara, na hadi stesheni ya Amsterdam Centraal ni kama robo saa au dakika ishirini. Angalieni jina vizuri, kwa sababu kuna stesheni nyingine iitwayo Amsterdam Zuid, ambayo siyo katikati ya mji. Kama binti anaishi Rotterdam, Den Haag au Utrecht, zipo treni za moja kwa moja huko pia, na hakuna haja ya kwenda kwanza Amsterdam.

Kulipa ni kwa kugusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya mawimbi. Unagusisha kabla ya kupanda, na unagusisha kadi ileile unaposhuka. Ukisahau kugusisha mwishoni utakatwa zaidi. Kadi moja ni kwa mtu mmoja, haiwezi kulipia wawili. Watoto chini ya miaka minne hawalipi. Kabla ya safari, iulizeni benki kama kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Asiye na kadi anunue tiketi kwenye mashine.

Ubao wa treni husoma saa za kizungu. Ikiandikwa 07:14, ni saa moja na dakika kumi na nne asubuhi. Mwandikieni mama hilo kwenye karatasi. Na jukwaani kuna upepo: Januari nyuzi joto huwa tatu au nne tu. Koti, soksi na kofia ya mtoto vikiwa ndani ya sanduku lililofungwa kamba havimsaidii mtu.

Baada ya kufika

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi safarini huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Uwezekano wenyewe ni mdogo kwa mtu mzima wa afya, lakini huongezeka kwa mnene, mjamzito, aliyetoka kujifungua au kufanyiwa upasuaji, na aliyewahi kupata tatizo hilo. Ndani ya ndege asimame na kutembea kila anapoweza, na akiwa ameketi achezeshe vifundo vya miguu.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo na kuisha baada ya siku moja au mbili ni kawaida. Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto si kawaida. Kifua kubana au pumzi kukatika ni dharura, hata kama ni wiki moja au zaidi baada ya safari. Namba ya dharura Uholanzi na Umoja wa Ulaya wote ni 112, bila malipo.

Mwisho, andika karatasi moja, uikunje, uiweke ndani ya pasipoti ya mama. Iwe na mambo matano kwa Kiingereza: jina la mwenyeji na namba yake ya simu, anwani kamili ya nyumba, ugonjwa alionao, dawa anazotumia na saa zake, na sentensi moja, "Sizungumzi Kiingereza, tafadhali mpigie binti yangu." Yeyote atakayeisoma, awe ofisa, nesi au abiria wa pembeni, atajua la kufanya.

Kama kuna mtu nyumbani kwako anasubiri viza, msomee makala haya jioni leo. Mbivu na mbichi mzijue mkiwa bado mezani, pasipoti ikiwa bado kabatini.