Paka hana kesi ya kujibu

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kipsongo alimfukuza paka wake kwa mwiko. Sungura wa mtoto alikuwa amekutwa amekufa chini ya kitanda, na ploti nzima ikatoa hukumu: paka ni muuaji. Mimi nilinyamaza. Miaka minne iliyopita nilitoa hukumu hiyo hiyo nyumbani kwangu, nikakosea.

Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja, mabati na udongo, pazia katikati. Humo paka si pambo. Mahindi yakivunwa huku Kitale, panya nao wana mavuno yao, na mwenye gunia kando ya kitanda anajua. Sungura ndiye mgeni. Wazee wetu Waturkana walihesabu mbuzi na ngamia. Kumkatia mnyama wa masikio majani wangeona kichekesho. Aliletwa na mkwe wangu, Mbukusu wa Bungoma, zawadi ya mwanawe ninayemlea. Mweupe, macho mekundu. Tukamwita Pamba, nikamweka sakafuni ndani ya kreti na kuifunika kwa waya.

Usiku wa kwanza nikasikia du! du! Nikadhani ni mlevi mlangoni. Kumbe ni Pamba anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, maana ndivyo sungura anavyopiga kamsa. Paka alikuwa amekaa juu ya waya ametulia tuli, ncha ya mkia tu ikicheza. Nikamkemea, nikarudi kulala. Usiku wa tatu Pamba akafa. Tulimgeuza huku na huku, hana hata mkwaruzo. Daktari wa mifugo akaniambia sungura anaweza kufa kwa hofu tupu.

Basi nani alimuua? Mimi niliyemlaza kitanzini nikaenda kulala.

Wa pili nilimchukua akiwa mkubwa, mzito kumshinda paka. Kibanda kikapanda mezani, mgongo ukutani. Waya nilitafuta wa matundu madogo, kwa sababu ule wa kuku hupitisha mguu wa paka pamoja na kucha zake. Ndani nikaweka katoni yenye matundu mawili, akiingiwa na hofu ajifiche bila kubanwa. Wiki tatu walitazamana kupitia waya tu. Sasa humfungulia mchana nikiwa kwenye cherehani, na nikienda hata msalani namrudisha ndani. Siku hizi wanaota jua pamoja, majirani wananicheka kwamba bado nafunga komeo. Wacheke. Mkwaruzo mdogo wa paka huingiza vijidudu, jipu likafuata. Na sungura akizaa, watoto wake hutoka bila manyoya, macho wanayafumbua baada ya siku kumi hivi. Paka mpole kuliko wote atawaona panya.

Kuna na dawa ya viroboto, ambayo wengi hawaifikirii. Ile ya kudondoshea paka shingoni, ikiwa ina fipronil, inaweza kumuua sungura. Usiwagawie chupa moja.

Jirani yangu hajamrudisha paka wake. Jana, mchana kweupe, nimeona panya akikatiza uani kwake kuelekea kwenye magunia.