Tunavyojihukumu Kabla ya Kujaribu

Safu ya Jumamosi
Na Salim Wandera, Jinja

Kila inapofika habari kwamba kijana wa Mlima Elgon ameshinda tena huko ng'ambo, na redio za madukani hapa Jinja zikaitangaza tangu asubuhi hadi magharibi, mimi hushangilia pamoja na wenzangu, kisha hungojea maneno ambayo najua hayatakawia kufuata: kwamba wale ni watu wa milimani, kwamba mbio zimo katika damu yao, kwamba Mwenyezi Mungu aliwajaalia Wasebei mapafu na miguu, ilhali sisi wa kandokando ya Nile tukajaaliwa mambo mengine. Maneno haya husemwa kwa furaha, wala hayana uhasidi ndani yake, na ndiyo sababu ni vigumu kuyapinga barazani bila ya kuonekana mkorofi. Lakini nimeyasikia kwa muda mrefu hata nikatambua kwamba msemaji, huku akidhani anamsifu mwingine, aghalabu huwa anajihukumu mwenyewe, kisha hukumu hiyo huenda nayo nyumbani, akaifanya kesho yake kuwa hoja ya kutotembea kwenda sokoni, na ya kumwambia mwanawe asijisumbue.

Sikatai kwamba kimo cha nchi kina athari yake. Kapchorwa, huko kwa Wasebei mlimani, iko juu zaidi ya Jinja na Mbale kwa mamia ya mita, na mtu aliyelelewa penye hewa nyepesi, akapanda na kushuka miteremko tangu utotoni kwenda shule na kuteka maji, huupa moyo wake na damu yake mazoezi ambayo mwenzake wa tambarare hana budi kuyatafuta kwa makusudi. Lakini mlima ule haukuletwa jana. Ulikuwapo pale pale katika miaka yote 40 iliyopita baina ya Olimpiki ya Munich ya 1972 na ile ya London ya 2012, muda ambao Uganda haikupata hata medali moja ya dhahabu ya Olimpiki, na damu ya Wasebei ilikuwa ni ile ile. Tena dhahabu ya kwanza ya nchi yetu, ambayo wazee wangali wakiisimulia, haikutoka mlimani. Aliileta John Akii-Bua, mwana wa Lango, nchi tambarare kama hii yetu, katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, naye akiwa amepangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali na ambayo wakimbiaji wengi hawaipendi. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. Kabla ya siku ile alikuwa akiruka viunzi mazoezini huku amevaa kizibao kilichotiwa uzito, chini ya mwalimu wake Mwingereza, Malcolm Arnold. Na yeyote atakaye kuijua siri ya ushindi ule na akitazame kizibao kile kabla ya kuitazama damu.

Ama huyo aliyekuja kuikata kiu ya miaka 40, Stephen Kiprotich, yeye kweli ni mzaliwa wa Kapchorwa, lakini lau angalihukumiwa kwa dalili za utotoni asingalipewa hata nafasi ya kujaribu, kwa kuwa maradhi yasiyotambulikana yalimweka nje ya shule ya msingi kwa kiasi cha miaka 3. Na alipokua, damu ya mlimani haikumtosha: alivuka mpaka akaenda Eldoret, akajifunza mbio miongoni mwa Wakenya waliomzidi. Tarehe 12 Agosti 2012, katika marathoni ya London, ilipokaribia kilomita ya 37 aliwapita Wakenya wawili mabingwa, Abel Kirui na Wilson Kipsang, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia mjini Moscow.

Hata hivyo, kisa ninachotaka tukae nacho zaidi ni cha kushindwa. Tarehe 26 Machi 2017 Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika Kampala, katika uwanja wa Kololo, na siku hiyo kijana Jacob Kiplimo alikuwa amekwisha kuipatia nchi dhahabu katika mbio za vijana, hata umati uliobaki kungojea mbio za wakubwa ulikuwa na yakini ya kuiona ya pili. Joshua Cheptegei, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alishika uongozi, akawaacha wenzake, na walipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa mbele kwa masafa ambayo mtu yeyote angeyaona kuwa yanatosha. Kisha mwili ukamkataa. Miguu iliyokuwa ikipaa ikaanza kuburuta, kiwiliwili kikayumba, Mkenya Geoffrey Kamworor akampita, akapita mwingine, na wengine, na wengine. Na yule ambaye dakika chache nyuma alikuwa bingwa wa dunia mbele ya macho ya watu wake akavuka mstari akiwa wa 30.

Ningependa msomaji ajiulize kwa dhati: mambo hayo yangalimfika yeye, nyumbani kwake, hadharani, mbele ya wazazi na wakubwa wa nchi, angalijiambia nini usiku ule? Mashahidi walikuwako maelfu, na ithibati ilikuwa bayana. Wengi wetu tumekwisha kuacha mambo kwa ithibati ndogo kuliko hiyo mara mia: mmoja alicheka siku tulipoanguka mtoni tulipojifunza kuogelea, na mpaka leo tunasema maji si yetu, mwalimu mmoja alituambia kwamba hesabu hatuziwezi, nasi tukamsadiki kwa miaka 30. Lakini lililotokea Kololo, likitazamwa kwa utulivu, lilikuwa ni habari ya siku moja tu, yaani kwamba mwendo ule, katika joto lile, ulizidi uwezo wa kijana yule kwa mita mia kadhaa za mwisho. Habari ya siku moja ina manufaa makubwa, kwa maana humwonyesha mtu pa kurekebisha; inakuwa sumu pale tu tunapoigeuza kuwa sifa ya mtu mzima, ya maisha yake yote.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia kwa haraka. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Cheptegei alipata fedha ya mita 10,000 mjini London nyuma ya Mo Farah. Mwezi wa Machi 2019, huko Aarhus nchini Denmark, alirudi katika mbio zile zile za nyika zilizomwangusha Kampala, akashinda, Kiplimo akiwa wa pili na Kamworor wa tatu. Mwaka 2020 akazivunja rekodi mbili za dunia za Kenenisa Bekele, ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, na ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Na Agosti 2024 mjini Paris akatwaa dhahabu ya mita 10,000. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, nao hawakulisema hilo ili kuwaliwaza wahunzi wavivu.

Siku hizi wamezuka wasemaji wanaokodi kumbi za hoteli, wakawaambia watu wapaze sauti kwamba wanaweza, wanaweza, wanaweza, kisha watu hao wakarudi makwao wakiwa na furaha ya siku mbili. Siwalaumu kwa nia yao, ila naona njia hiyo ni dhaifu, kwa sababu nafsi si mjinga. Inajua vizuri kwamba jana hatukutembea hata hatua 100, na mdomo unapodai makuu isiyoyaona, huudharau mdomo huo. Shaka iliyoingia moyoni kwa ushahidi, hata kama ushahidi wenyewe ulikuwa wa uongo, haitoki ila kwa ushahidi mwingine, mdogo mdogo, uliokusanywa na mwili wenyewe.

Kuna mama mmoja hapa Walukuba, fundi cherehani, ambaye zahanati ilimwambia kwamba presha yake imepanda na kwamba imempasa kutembea. Aliponieleza habari hizo alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, gomesi nusu imeshonwa mapajani, akasema, "Mzee Wandera, mimi si mtu wa kutembea. Mama yangu alikuwa mzito, nyanya yangu alikuwa mzito, ndivyo tulivyoumbwa." Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na hizo, mtu akizigawa, hazifiki nusu saa kwa siku, lakini kwake hata idadi hiyo ilikuwa ni kama kuambiwa apande Wagagai, kilele cha Elgon. Binti yake, ambaye ana busara kuliko umri wake, hakubishana naye juu ya nyanya wala juu ya maumbile. Alimwomba tu amsindikize jioni mpaka kwenye mwembe wa njia panda, wakarudi. Kesho yake vilevile. Raba alizovaa zilikuwa za mitumba, kubwa kidogo, akazikaza kwa kitambaa alichokata kwenye mabaki ya kazi yake. Baada ya majuma kadhaa wakaupita mwembe, na hivi leo huenda sokoni kwa miguu, bodaboda akiipanda wakati wa kurudi tu, mzigo ukiwa mzito.

Lakini kilichonigusa mimi kilitangulia hayo yote. Kabla mwili wake haujabadilika hata kidogo, nilimsikia siku moja akimwambia jirani kwamba jana hakutembea kwa sababu mvua ilimzuia. Hakutaja tena mama wala nyanya. Sababu ilikuwa imetoka katika maumbile ikahamia kwenye hali ya hewa, na hali ya hewa hubadilika.

Ukiondoka hapa ukapita Iganga na Tirinyi mpaka Mbale, utakuta somo lingine. Alfajiri, wanawake wa Wanale huteremka ule ukuta wa jabali wenye maporomoko ya maji, wakiwa na mikungu ya matoke na vitunguu vichwani, wakauza mjini, kisha wakaupanda tena kurudi kwao, mwendo ambao ungemlaza kitandani kijana anayelipa ada ya jimu kule mjini. Mwulize mmoja wao kama yeye ni mtu wa mazoezi, naye atakujibu kwamba mazoezi ni ya watu wa ofisi. Hivyo ndivyo tulivyo wengi: tunayoyaweza hatuyahesabu, kwa kuwa hayana jina la fahari, na siku tukitakiwa kufanya jipya tunajiona mikono mitupu. Mimi humwambia kila anayenilalamikia udhaifu wake aandike kwanza anayoyafanya tayari, tangu anapoamka.

Na wenyeji wa Mbale wana jambo ambalo sisi wa Jinja tungefaa kuwaigiza. Kijana wa Kigisu anapoliendea jando la imbalu, ambalo hufunguliwa pale Mutoto katika miaka ya shufwa, hakuna anayemtaka atafute ushujaa wake peke yake chumbani. Hufungwa njuga, akachezeshwa, akatembezwa kwa wajomba na mashangazi, akasindikizwa na rika lake kijiji hata kijiji, mpaka siku inapofika ya kusimama wima bila ya kupepesa jicho, ujasiri huo umekwisha kuwa mali ya ukoo mzima naye ameazimwa. Yule mama wa Walukuba naye alikuwa na binti yake. Kiprotich alikuwa na Wakenya wake wa Eldoret. Mtu anayejidhania kuwa ameshindwa kwa kukosa azma, mara nyingi alichokosa ni mwenzi wa kumgongea mlango saa kumi na moja ya alfajiri.

Sitaki lakini nieleweke kwamba kila kizuizi kimo kichwani. Rebecca Cheptegei, aliyeiwakilisha Uganda katika marathoni ya Paris mwezi wa Agosti 2024, alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo kwa majeraha ya moto aliowashiwa na mwanamume aliyewahi kuishi naye, naye amezikwa Bukwo. Hakupungukiwa na imani wala na bidii. Mwenye kumwambia mwanamke anayepigwa, au kijana asiyekula mchana, kwamba tatizo ni fikra zake tu, anamzidishia dhuluma juu ya dhuluma. Na ni katika wajibu wetu kubagua baina ya kizuizi kinachotaka nguvu za dola na jamii, na kile ambacho ni maneno tu tuliyorithishwa.

Maneno hayo ya kurithishwa, kwa jinsi nilivyoona, mengi huanzia katika viwanja vya shule. Siku ya michezo watoto hukimbizwa mara moja, watatu wa mbele huchaguliwa, na waliobaki huambiwa wakakae chini ya mti, nao hukaa pale, wengine mpaka uzee wao. Peruth Chemutai, binti wa Bukwo, alikwenda Rio 2016 akiwa na umri wa miaka 17 na akarudi bila medali, na miaka 5 baadaye huko Tokyo akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alipewa mara ya pili, na mara ya pili ndiyo tunayowanyima watoto wetu. Kwa hiyo nawaomba walimu wa Jinja na Mbale, muhula huu, wasiwakalishe wale wa mwisho. Wawapime kwa saa, waandike dakika na sekunde za kila mtoto katika daftari, na mwezi ukiisha wawapime tena, kila mmoja aonyeshwe mistari yake miwili bila ya kulinganishwa na mwenzake. Saa iko katika simu ya kila mwalimu, na daftari halikosekani katika shule yoyote.