YUBILE SI TENTI NA KEKI

Mwakani, Mungu akinijalia, nitafikisha miaka 50. Nasikia kamati tayari imeundwa na kila mshirika amewekewa shilingi 2,000 za "kumheshimu Baba". Nasema HAPANA. Zirudishiwe wenyewe.

Someni Walawi 25. Israeli walihesabu miaka saba mara saba, yaani 49. Mwaka wa 50 baragumu ilipigwa, shamba likamrudia mwenyewe, aliyejiuza kwa umaskini akaachiliwa, kila mtu akarudi kwa jamaa yake. Ni wapi mjane aliagizwa kumchangia kuhani keki? Yubile ilimtua mnyonge mzigo. Sisi tunamtwika, kisha tunaita baraka! Hizo 2,000 ni unga na mafuta ya watoto wake.

Watumishi wenzangu, tunajua kuku wa kila boma, lakini watoto wetu wanakula na nani? Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kutunza si kutuma M-Pesa tu. Mwaka huu wa 49, Jumatatu jioni ni ya nyumbani: ugali, omena na sukuma wiki za mama watoto, simu zote kabatini. Kifungua mimba wangu ameniuliza pale mambo ambayo hangethubutu kuniuliza ofisini kwa mchungaji.

Ukitaka kuniheshimu siku hiyo, pika ulicho nacho, keti na wako, mwite na jirani ambaye sufuria yake ni tupu. Hiyo ndiyo yubile.

Nani anasema Amina?