Gari zuri lisilo na breki

Huku kwetu Mbeya baridi imekolea, kijiweni Mwanjelwa watu wanaongea wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Mimi leo sina umbea wa mtu mwingine. Leo najisema mwenyewe.

Wengi mnajua kwamba ukiacha hii safu, mkate wangu natafutia mdomoni. Ni MC. Harusi, kipaimara, sendi-ofu, popote penye maiki mimi nipo. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuficha uvunguni, nikasema basi, mdomo ninao. Dingi mpaka leo anaona hiyo si kazi. Mjomba wangu wa Iringa ndiye aliyekuwa ananitetea, ingawa naye kila nikienda ananikumbusha kwamba Mafinga kuna nafasi ya kuhesabu mbao.

Basi mwezi uliopita nikaitwa Iringa, sendi-ofu maeneo ya Kihesa. Ukumbi umejaa, muziki bomba, kamati imevaa sare. Nikawaka. Nikawaambia kamwene, wakaitika wote. Ikafika zamu ya zawadi. Akapita mzee mmoja, koti la zamani, mkononi ana khanga doti moja na bahasha nyembamba. Nikaidaka ile bahasha, nikaipeperusha juu, nikasema kwenye maiki kwamba bahasha ya mzee imefunga Kwaresima.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mzee akatabasamu kidogo, akarudi kukaa. Mimi nikaona nimeua. Bibi harusi akainama, nikadhani ni zile aibu za bibi harusi. Kumbe analia.

Nilikuja kuambiwa wakati wa kugawiwa mshiko wangu. Yule mzee ni baba yake mkubwa, ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, akamsomesha kwa viazi alivyokuwa anauza gunia moja moja. Kilichokuwa ndani ya bahasha ndicho alichobakiwa nacho.

Usiku nililala kwa mjomba, Mlandege. Hakusema neno. Asubuhi ananimiminia chai, akauliza taratibu: "Mjomba, je, huu ni ungwana?"

Nikajua ananisuta tu. Akacheka. Akaniambia hiyo sentensi si yake, ni ya Leonard Mambo Mbotela. Mjomba aliendesha malori ya Mombasa enzi zake, na huko ndiko alikoisikia sauti hiyo redioni. Akanisimulia, na mimi nikaenda kuchimba zaidi.

Msomaji, huyu Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, mtoto wa Freretown, kwenye kile kizazi cha watumwa walioachiwa huru. Baba yake ndiye James Mbotela aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Mwenyewe alianzia magazetini, mwaka 1964 akaingia Sauti ya Kenya. Mwaka 1966 akaanzisha kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana? Kazi yake nyepesi ukiisikia: anakieleza kitendo cha mtu asiye na adabu mbele za watu, halafu anakuachia swali hilo ujijibu mwenyewe. Hataji jina la mtu. Kila msikilizaji anacheka, halafu anajikagua kimya kimya. Kikatoka redioni kikaingia na kwenye televisheni, kikadumu zaidi ya miaka 50. Alitangaza na mpira mpaka watu wakaona wako uwanjani.

Na mdomo huo ulimpeleka hata kwenye mdomo wa bunduki. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali ya Rais Moi, walimfuata nyumbani wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imeanguka. Akatangaza, ungefanyaje wewe? Baadaye siku hiyo hiyo, askari watiifu walipoikomboa redio, sauti ile ile ikawaambia Wakenya kwamba Moi bado yupo. Watu waliamini kwa sababu ni yeye. Alifariki Februari 2025, na Kenya nzima ikarudia swali lake.

Nikiwa kwenye kuchimba huko nikakutana na mwenzake wa mbali kabisa. Naye kazaliwa mwaka 1940, huko Chile. Jina lake Mario Kreutzberger, lakini waongea Kihispania wanamwita Don Francisco. Wazazi wake ni Wayahudi waliowakimbia Wanazi Ujerumani. Baba alimpeleka New York asomee ushonaji wa nguo za kiume. Hotelini akaona kitu akadhani ni redio, kukiwasha kinatoa picha! Ushonaji ukaishia hapo. (Sisi huku Bara tulipata televisheni mwaka 1994, kwa hiyo usimcheke.) Mwaka 1962 akaanza kipindi chake, baadaye kikaitwa Sábado Gigante, yaani Jumamosi Kubwa. Nyimbo, michezo, vichekesho, mahojiano, hata matangazo ya sabuni watazamaji wanayaimba. Mwaka 1986 akakihamishia Miami, kikaenda mpaka Septemba 2015. Miaka 53!

Lakini huyu bwana alikuwa na staili tofauti. Kwenye shindano la kuimba alikuwa na jamaa kaficha uso, anapuliza tarumbeta, ukichapia tu unatolewa jukwaani. Watu hoi. Sasa mimi nilikuwa najitetea kwa mjomba: mbona huyu kadumu kwa kuwatania watu? Mjomba akanijibu kwamba aliyepanda jukwaani kuimba amejua tarumbeta ipo, kakubali mchezo. Yule mzee alikuja kutoa zawadi. Hakuja kucheza.

Nikakosa jibu. Na huyo huyo wa tarumbeta, mwaka 1978 alianzisha Teletón kule kwao, akawa anachangisha pesa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu.

Jioni nilikwenda kwa yule mzee. Mjomba alinisindikiza mpaka mlangoni, akabaki nje. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba mkubwa, nimekuja kuomba radhi." Nikamwekea mezani nusu ya malipo yangu. Akazisukuma zikarudi.

"Marahaba. Mdomo wako mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini gari zuri lisilo na breki halishuki Kitonga."

Basi. Akamwita mkewe alete viazi, tukala. Nikamwomba na bibi harusi radhi kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumlazimisha.

Mbao za Mafinga nimezikataa. Jumamosi hii nina kipaimara Uyole, na kwenye karatasi yangu ya ratiba nimeandika juu kabisa lile swali la Mbotela. Kabla ya kila utani nitalitupia jicho. Na wewe mwenye maiki, au mwenye simu ya kurekodi watu wakidondoka, jiulize.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.