Nani Ashikaye Ufunguo wa Shule?

Kila mara mageuzi ya elimu yanapotajwa katika nchi yetu, mjadala huanza na kuishia katika hesabu ya miaka. Husemwa kwamba 7-4-2-3 ulikuwa mfumo wa Kiingereza na kwa hivyo ulikuwa imara. Kwamba 8-4-4 ulikuwa wa Kimarekani na kwa hivyo ulikuwa wa vitendo au, kwa kauli ya wapinzani wake, mzigo mtupu. Sasa tumo katika 2-6-3-3-3, na hesabu imeanza upya.

Ndugu msomaji, idadi ya miaka haituelezi mengi. Waingereza na Wamarekani wote hutazamia mtoto asome hadi karibu umri wa miaka 18. Kinachowatenganisha ni majibu yao kwa maswali manne: Mtoto huchujwa lini? Nani anayemchuja? Nani anayelipa? Na akianguka, je, kuna mlango wa pili? Taifa linaloiga bila kuuliza maswali haya huvaa nguo ambayo halikupimiwa, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tuanze na England. Scotland, ingawa imo katika ufalme uo huo, ina mitihani yake na shahada yake ya miaka minne. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1944 iliwapa watoto wote wa England na Wales haki ya kusoma sekondari bila karo. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini utekelezaji wake uliandamana na mtihani wa umri wa miaka 11, ulioitwa Eleven-Plus. Waliofaulu, kama robo ya watoto na mahali pengine pungufu ya hapo, waliingia shule za grama zilizoelekea vyuo vikuu. Wengi wa waliosalia walipelekwa katika shule ambazo hazikutarajiwa kumfikisha mtu chuoni. Mtoto ambaye bado hajabaleghe aliandikiwa njia ya maisha yake kwa karatasi za siku moja au mbili.

Wazazi wengi walichukizwa na jambo hilo, wakiwemo wazazi wa tabaka la kati ambao watoto wao walianguka. Mwaka wa 1965 waziri wa elimu, Anthony Crosland, alitoa waraka wa kuzitaka serikali za mitaa ziunganishe shule hizo ili watoto wa mtaa mmoja wasome pamoja. Sehemu kubwa ya nchi ilifuata. Hata hivyo shule 163 za grama zingalipo England, na katika maeneo kama Kent mtoto wa miaka 11 bado huketi mtihani wa kuchujwa.

Hata pale Eleven-Plus ulipoondolewa, tabia ya kuchuja mapema haikuondoka. Akiwa na miaka 16, mwanafunzi hufanya mitihani ya GCSE katika masomo mengi. Baada ya hapo, akichagua njia ya A-Level, huacha takriban yote na kubaki na masomo matatu kwa miaka miwili. Aliyeacha sayansi akiwa na miaka 16 ameuaga udaktari, pengine bila kujua. Akiingia chuo kikuu huingia kusoma somo alilokwisha kulichagua, na katika miaka mitatu amehitimu. Anayetaka uganga au sheria huanza moja kwa moja akiwa na miaka 18.

Mfumo huu una fadhila zake, na si haki kuzificha. Kijana wa Kiingereza hulijua somo lake kwa kina ambacho mwenzake wa Marekani hukifikia baadaye. Karatasi yake ya mwisho husahihishwa na mtu asiyemjua yeye wala baba yake. Mtoto wa mchimba makaa na mtoto wa tajiri hujibu maswali yale yale, ingawa yule wa tajiri huenda alitayarishwa katika shule kama Eton, iliyoanzishwa mwaka wa 1440, ambayo Waingereza kwa mzaha wa lugha yao huiita shule ya umma ilhali ni ya kulipia. Tangu sheria ya mwaka wa 1988, mtaala pia umekuwa wa taifa zima. Ufunguo, basi, umeshikwa na serikali kuu na mabaraza ya mitihani. Mzazi ana sauti ndogo, bali kipimo ni kimoja.

Tuvuke bahari. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata kwa neno moja. Jambo hilo limeachiwa majimbo, nayo majimbo yameligawa kwa wilaya za shule zaidi ya 13,000. Wilaya nyingi huongozwa na halmashauri inayochaguliwa kwa kura na wakazi. Mwananchi asiyeridhika na vitabu, na mishahara ya walimu au na mkuu wa shule huenda mkutanoni, husimama na kusema, na mwaka wa uchaguzi humwondoa anayemchukiza. Hapana mtihani mmoja wa taifa unaomfungia mtoto mlango. Mwanafunzi hukusanya alama mwaka baada ya mwaka, na aliyelegea katika mwaka wa kwanza huweza kujikomboa katika wa tatu. Hata chuoni, kwa kawaida, husoma masomo mbalimbali kabla ya kutakiwa kuchagua somo kuu, aghalabu mwishoni mwa mwaka wa pili. Udaktari na sheria huja baada ya shahada ya kwanza. Mmarekani anaruhusiwa kuchelewa kujijua.

Lakini demokrasia hiyo ya mtaani ina kasoro inayouma. Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi ya wilaya yenyewe. Penye majumba ya fahari shule hunawiri, na penye vibanda shule huvuja. Mwaka wa 1968 wazazi wa wilaya maskini ya Edgewood, mjini San Antonio, Texas, wakiongozwa na Demetrio Rodriguez, walikwenda mahakamani kulalamika kwamba watoto wao walipata kidogo mno kuliko watoto wa wilaya tajiri ya jirani. Mwaka wa 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia kwa kura tano dhidi ya nne, ikisema kwamba katiba ya nchi haiwahakikishii haki hiyo. Kwa hiyo Mmarekani hana mtihani wa umri wa miaka 11, lakini anwani ya nyumba ya wazazi wake hufanya kazi ya mtihani huo.

Fadhila kubwa ya Wamarekani iko katika swali la nne, la mlango wa pili. Mwaka ule ule wa 1944, Waingereza walipokuwa wakipitisha sheria yao, Wamarekani walipitisha sheria ya kuwasomesha askari waliorudi vitani, na zaidi ya milioni mbili kati yao waliingia vyuoni. Askari weusi wengi walibaniwa na ubaguzi wa vyuo na wa maofisa, na hilo ni doa katika historia ya sheria hiyo. Kisha mwaka wa 1960 jimbo la California liliweka mpango wa ngazi tatu: chuo kikuu cha utafiti kwa wanafunzi bora, vyuo vikuu vya jimbo kwa walio chini yao, na vyuo vya jamii vilivyo wazi kwa kila anayeweza kunufaika. Aliyesoma miaka miwili katika chuo cha jamii na kufanya vyema huweza kuhamia chuo kikuu na masomo yake yakahesabiwa. Anayeingia kwa mlango wa nyuma anaweza kutokea kwa mlango wa mbele. Waingereza nao walijaribu dawa yao: Open University, iliyoasisiwa mwaka wa 1969, hupokea watu wazima bila kuwadai vyeti vya awali.

Kuhusu malipo, mataifa haya mawili yamekaribiana, tena kwa namna isiyopendeza. Mwingereza wa zamani alisoma chuo kikuu bila kulipa ada. Mwaka wa 1998 England ilianza kutoza pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2012 kikomo kikapandishwa hadi 9,000, na mwaka wa 2025 kikafika 9,535. Mwanafunzi wa Scotland asomaye kwao halipi ada hiyo. Nchini Marekani madeni ya wanafunzi yamepita dola trilioni 1.6. Tofauti iliyobaki ni ya masharti: mhitimu wa England hukatwa sehemu ya mapato yanayozidi kiwango fulani, na salio husamehewa baada ya miaka iliyowekwa, Mmarekani huweza kuandamwa na deni hata anapofilisika.

Sasa turudi nyumbani, maana mifumo hii miwili ilikuja kwetu ikiwa na sura halisi. Chini ya ukoloni mlango wa elimu ya juu ulikuwa mwembamba: Makerere, iliyotoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na nafasi chache za ng'ambo. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alifungua mlango mwingine, na vijana 81 wakapanda ndege kwenda Marekani. Wakoloni waliibeza safari hiyo, wakisema vyuo vile ni hafifu. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, msichana aliyemaliza sekondari Limuru. Alisoma biolojia katika chuo kidogo cha masista jimboni Kansas, akaendelea Pittsburgh, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2004 ilitosha kuwajibu waliobeza.

Funzo la safari zile lilikuwa wazi: akili imo kwa wengi, milango ndiyo michache. Je, tulilishika? Tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilitoa ripoti yake mwaka wa 1981, na mwaka wa 1985 tukaingia 8-4-4. Tulichukua kutoka Marekani Kaskazini miaka minne ya sekondari na miaka minne ya chuo. Hatukuchukua halmashauri za shule zinazopigiwa kura na wazazi. Hatukuchukua alama zinazokusanywa mwaka hadi mwaka. Hatukuchukua vyuo vya jamii ambavyo masomo yake huhesabiwa chuo kikuu. Kutoka kwa Mwingereza tulibakiza lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipunguza tangu 1965: mchujo wa mtoto mdogo. KCPE, kuanzia 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulikuwa Eleven-Plus yetu, wenye kuwagawa watoto kati ya shule za kitaifa na zile za kutwa zisizo na maabara. Baada yake ukafuata KCSE, ambamo majuma machache ya Novemba huamua thamani ya miaka minne. Tuliunganisha ukali wa mmoja na gharama ya mwingine, tukaziacha fadhila za wote wawili.

Ndiyo maana hatuna budi kuutazama mtaala mpya kwa macho makavu. Kupima uwezo wa mtoto mwaka baada ya mwaka ni jambo jema. Lakini kumgawia njia ya sayansi, ya sanaa au ya jamii anapoingia sekondari ya juu, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ni desturi ya Kiingereza iliyovishwa jina jipya. Ikiwa shule ya kijijini haina mwalimu wa fizikia, mtoto wake hakuchagua sanaa, alichaguliwa. Na ikiwa atatambua baadaye kwamba angeweza uhandisi, ni nani atakayemfungulia?

Haya ndiyo ya kudai. Stashahada ya chuo cha ufundi itambuliwe na kila chuo kikuu cha umma kwa kanuni iliyoandikwa, isiyotegemea hisani ya afisa. Wazazi wachague bodi za shule zao kwa kura ya siri na wasomewe hesabu za fedha hadharani. Fedha za serikali zianze kwa shule iliyo maskini zaidi, tusije tukapata Edgewood yetu huko Turkana na Tana River. Na mwanafunzi mkopaji alipe kwa kadiri ya mapato yake, si kwa kadiri ya hofu yake.

Mgeni anaweza kutufundisha namna ya kutengeneza mlango. Ufunguo ukibaki mfukoni mwa wachache, mlango huo utakuwa ukuta tu, hata tukiuita kwa jina gani na kuuhesabia miaka mingapi. Mtu atakapotuletea tena tarakimu mpya, tusimuulize kwanza ni miaka mingapi. Tumuulize ufunguo uko kwa nani.